Punguza mizunguko, hambaka itang'aa

Najua wengi wenu huja hapa kutafuta mambo ya programu, na leo mtanisamehe kwa sababu nina neno kuhusu gitaa. Msikimbie lakini. Kuna msimbo humu ndani, kuna hitilafu, na kuna namba moja ambayo watu huiamini bila kuichunguza, kwa hiyo mtajihisi nyumbani.

Namba yenyewe ni kilo-omu. Ukienda kununua pikapu ya gitaa (si ile Toyota ya kubeba mkaa, nasema kile kifaa kinachokaa chini ya nyuzi na kugeuza mtikisiko wake kuwa umeme), utatajiwa kilo-omu hata kabla ya bei. Hii ni ya 8. Hii ni ya 12, iko moto! Ile ya 16 usiseme. Na mnunuzi huondoka na ile ya 16 kwa sababu kubwa ni kubwa. Ni kama meneja anayempima programa kwa idadi ya mistari ya msimbo aliyoandika wiki hii.

Maoni yangu ni haya: kama una hambaka na unataka ing'ae, unachohitaji ni mizunguko michache ya waya kwenye koili, na kilo-omu zitakupotosha njia nzima. Nilijifunza hivyo kwa kumharibia mtu gitaa. Nitafika hapo.

Kwanza kwa wale wasiojua. Pikapu ya kawaida ni sumaku na koili moja. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, umeme mdogo unazaliwa kwenye koili. Shida ni kwamba koili hiyohiyo hunasa pia mvumo wa stima, ule mmmm wa 50 Hz ambao kila aliyewahi kucheza gitaa karibu na taa ya tyubu anaujua. Mwaka 1955 mhandisi wa Gibson aitwaye Seth Lover aliomba hataza ya pikapu yenye koili mbili, akaipata 1959. Koili ya pili inaelekea kinyume cha ya kwanza, na sumaku yake pia inaelekea kinyume. Mvumo wa stima unafika kwenye koili zote mbili na kujifuta wenyewe, lakini sauti ya nyuzi inajumlishwa. Ndiyo hambaka. Akili safi kabisa, na hakuna hata transista moja ndani. Ray Butts naye, miaka hiyohiyo, alibuni ya kwake iitwayo Filter'Tron, ambayo Gretsch waliiweka kwenye magitaa yao.

Gharama ya ujanja huu ni trebo. Koili mbili zimeunganishwa moja baada ya nyingine, kwa hiyo waya ni mwingi, na waya mwingi uliozungushwa una induktansi kubwa. Ichukulie induktansi kama uzito: mawimbi ya polepole ya besi yanausukuma bila taabu, yale ya haraka ya trebo yanachoka njiani. Na jambo ambalo muuzaji hakwambii ni kwamba induktansi haiongezeki sambamba na mizunguko. Inaongezeka kwa kipeo cha pili. Zidisha mizunguko mara mbili, induktansi inazidi mara nne.

Sasa ongeza kebo. Kebo ya gitaa ina kapasitansi, nyingi ni takriban pikofaradi 100 kwa kila mita. Induktansi ya pikapu na kapasitansi ya kebo zikikutana zinatengeneza kilele, yaani masafa fulani ambayo gitaa linayapenda kuliko mengine. Juu ya kilele hicho sauti inaporomoka kama ukingo wa Bonde la Ufa. Kilele kiko wapi? Moja gawanya kwa 2π mara kipeuo cha pili cha LC, fomula ileile mliyoisoma shule ya upili mkaisahau siku ya mtihani kuisha.

Tuweke namba. Hambaka ya mtindo wa zamani ina kama mizunguko 5,000 kila koili, waya namba 42 (kipenyo cha milimita 0.063 hivi, karibu na unywele), ukinzani wa kama kilo-omu 8 na induktansi ya kama henri 4.4. Kapasitansi yote, kebo ikiwemo, tuseme pikofaradi 600. Kilele kinakuja karibu na 3,100 Hz. Punguza mizunguko kwa asilimia 10. Induktansi inashuka hadi henri 3.56, kilele kinapanda hadi 3,440 Hz. Ulichopoteza kwa nguvu ya sauti ni kama desibeli 0.9, kitu ambacho sikio lako halitakisikia isipokuwa ukae ukilinganisha moja kwa moja. Ongeza kidogo kidhibiti cha amplifaya na mambo yamekwisha. Sijui biashara nyingine ambayo unalipa kidogo hivyo na kupata kiasi hicho.

Haya, gitaa la mjomba.

Mjomba wangu ni mpiga solo wa benga huko Homa Bay. Harusi, matanga, harambee, popote watakapoitwa. Mnajua solo ya benga: inakimbia, iko juu kwenye shingo ya gitaa, inajibizana na mwimbaji, na wengi husema mapigo yake yanatoka kwenye nyatiti. Kila noti lazima isikike imejitenga na mwenzake, la sivyo inakuwa uji. Gitaa lake lina hambaka mbili. Mwaka jana ile ya karibu na daraja, ndiyo anayoitumia kwa solo, ilikufa. Miaka ya jasho na unyevu wa ziwa ilikula waya ndani ya koili. Nikapima, mita haikuonyesha kitu. Nikamwambia, mjomba, usinunue nyingine, niachie mimi.

Hapo ndipo nilipoiamini ile namba. Nilikuwa nimesoma kwamba pikapu moto ni pikapu nzuri, na nikafikiri, mtu anapiga nje uwanjani, mpe nguvu. Nikapata waya namba 43, mwembamba zaidi, ili mizunguko mingi itoshe. Kama mnataka kujaribu, jueni kwamba mafundi wa kuzungusha upya mota hawatakusaidia, waya wao kwa kazi hii ni kama kamba ya kufungia ng'ombe. Mimi niliagiza nje. Nikafunga bobini kwenye mota ya cherehani, pedali yake inakupa udhibiti mzuri wa kasi, nikazungusha 6,200 kila koili. Waya ulikatika mara nne. Mwisho nikapata kilo-omu 12.4. Nilifurahi kama niliyepata mtoto. Nikampelekea siku mbili kabla ya matanga ya mzee mmoja jirani.

Alilipiga usiku mzima. Asubuhi aliniita kando, hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma. Akaniambia, "Mpwa, gitaa limefunikwa blanketi. Nilikuwa naona vidole vyangu vikicheza lakini sikuvisikia." Alikuwa amepandisha trebo ya amplifaya hadi mwisho, na kilichoongezeka ni makelele ya spika. Ni kawaida. Kidhibiti cha trebo kinakuza kilichopo. Kilichobaki ndani ya pikapu hakiwezi kukirudisha. Kijana wa rithimu, mwenye gitaa la bei rahisi la koili mojamoja, alisikika hadi barabarani. Mjomba amepiga solo tangu kabla sijazaliwa, na mimi na mita yangu ndio tuliomnyamazisha mbele ya watu wake.

Nilirudi Nairobi na gitaa mgongoni, nikafanya hesabu niliyopaswa kuifanya mwanzo. Mizunguko 6,200 inaleta karibu henri 6.8. Kilele: 2,500 Hz. Nilikuwa nimeteremsha pikapu yake kwa 600 Hz nzima na kuiita zawadi.

Mara ya pili nikasema nitafanya kama mtu aliyesoma. Nikaunda kihesabio: Arduino, swichi ndogo ya kioo inayojifunga sumaku ikipita karibu nayo, na sumaku iliyogundishwa kwenye gurudumu. Gurudumu likizunguka mara moja, swichi inafunga mara moja, programu inaongeza moja. Mistari kumi na tano ya msimbo, nani atakosea hapo? Lengo lilikuwa mizunguko 5,000 kamili, waya namba 42, kama ya zamani. Nikaweka mguu kwenye pedali, dakika nane na ushee kila koili, kihesabio kikafika 5,000, nikasimama.

Nikapima: koili moja 3.4, nyingine 3.3. Jumla 6.7. Nilitarajia 8. Nikalaumu waya, kwamba labda nimeuziwa mnene. Nikaupima, uko sawa. Ndipo, kwa aibu, nikaigeukia programu. Nikazungusha gurudumu kwa mkono mara mia moja, nikihesabu kwa sauti. Kihesabio kikasema 117.

Programa yeyote aliyewahi kugusa kitufe halisi ameshacheka. Swichi ya chuma haifungi mara moja. Inagusa, inaruka, inagusa tena, ndani ya milisekunde moja au mbili, na chipu ina haraka kiasi cha kuhesabu baadhi ya mirukaruko hiyo kama mizunguko. Dawa ni mstari mmoja: puuza chochote kinachokuja kabla ya milisekunde 5 kupita. Nimewahi kuwafundisha vijana kitu hikihiki. Nikiwa mwalimu ninakumbuka, nikiwa fundi ninasahau.

Kwa hiyo koili zangu zilikuwa na kama mizunguko 4,300 kila moja, na hazikulingana. Nilikuwa tayari kuifungua yote. Lakini ilikuwa saa sita usiku, na nikasema, wacha niiweke nisikie tu kabla sijaibomoa.

Jamani. Zile noti zilitoka moja moja, kila moja na kichwa chake. Nilipiga kwa vidole vyangu vibovu hivi na bado zikajitenga. Nikapima induktansi kwa mita ya LCR (kama mtanunua kifaa kimoja kwa ajili ya kazi hii, nunueni hicho) nikapata henri 3.25, kilele kwa kebo yangu karibu na 3,600 Hz. Dhidi ya mizunguko 5,000 nilikuwa nimepoteza desibeli 1.3. Sikufungua kitu.

Kuhusu koili kutolingana, kuna watakaosema mvumo utarudi. Utarudi kidogo. Kinachobaki bila kufutwa ni ule wa tofauti tu, mizunguko mia na ushee, wakati pikapu ya koili moja inanasa mvumo wa mizunguko yake yote. Kwenye gitaa la mjomba sikuusikia. Tena zile hambaka za kwanza za Gibson, zilizobandikwa kibandiko cha kusema hataza imeombwa, na ambazo leo huuzwa kwa bei ya kiwanja, hazikulingana. Ukizipima unapata kuanzia kama kilo-omu 7 hadi 9, na koili za pikapu moja mara nyingi zinatofautiana. Watu huzungumzia roho iliyomo ndani yake. Mimi, baada ya kile kihesabio changu, nina mashaka kwamba sehemu ya roho hiyo ni hesabu mbovu pale Kalamazoo.

Sasa niwarudishie kilo-omu, maana nimezitukana na sijazimaliza. Ukinzani ni urefu wa waya na wembamba wake. Waya namba 43 una ukinzani wa zaidi ya robo kuliko namba 42 kwa kila mita, kwa hiyo mizunguko ileile inakupa namba kubwa zaidi na sauti karibu ileile. Tena shaba hubadilika na joto, asilimia 0.39 kwa kila digrii. Pikapu iliyosoma 8.0 asubuhi ya baridi Limuru, digrii 14, itasoma karibu 8.5 mchana Homa Bay penye digrii 31. Imekuwa moto zaidi? Ndiyo, kwa maana ya hali ya hewa :-)

Na ushahidi bora zaidi uliachwa na Lover mwenyewe. Alihamia Fender mwaka 1967, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 ikatoka hambaka yake nyingine, Wide Range. Fender walitaka hambaka yenye mng'ao wa Fender. Ina kama kilo-omu 10, zaidi ya ile yake ya Gibson, lakini inang'aa kuliko ile. Siri iko kwenye sumaku: skrubu zake zenyewe ni sumaku za mchanganyiko wa shaba, nikeli na chuma, ambazo haziipandishi induktansi kama zile skrubu za chuma cha kawaida. Filter'Tron nayo ina kama kilo-omu 4 tu, na inang'aa. Kumi inang'aa, nne inang'aa, nane iko katikati ina kiza. Atakayeniambia namba hiyo inapima mng'ao anieleze hapo.

Kabla hujashika waya lakini, angalia vitu vya bei rahisi. Kebo kwanza. Ukitoka kebo ya mita 6 ukaenda ya mita 3, unaondoa pikofaradi 300 hivi, na hambaka ileile ya henri 4.4 inapanda kuliko ilivyopanda kwa kupunguza asilimia 10 ya mizunguko. Bure, karibu. Kwa mjomba haikuwezekana, yeye hutembea kati ya watu akipiga. Pili, fungua gitaa uone vidhibiti. Kama kuna mtu aliweka vya kilo-omu 250, weka vya 500. Vile vidogo vinakikandamiza kilele. Kama pikapu ina kifuniko cha chuma, hasa cha shaba ya njano, kifuniko nacho kinakula trebo kidogo. Pia kuna ujanja wa kuunganisha koili mbili sambamba badala ya kufuatana: induktansi inashuka hadi robo, mvumo bado unafutwa, na kazi ni ya chuma cha kulehemu na swichi moja. Nilijaribu. Inang'aa sana, lakini ni nyembamba kama chai ya kantini. Kuna watakaoipenda.

Halafu wale wa kuzungusha ovyo. Wanasema ukipeleka waya huku na kule kwa mkono bila mpangilio, kapasitansi ya ndani ya koili inapungua na sauti inafunguka. Fizikia ni kweli. Lakini kapasitansi ya koili ni ndogo ukiilinganisha na ya kebo, kwa hiyo unahangaika na kidogo huku kikubwa kimelala sakafuni kikikanyagwa. Mnaita nini mtu anayepunguza milisekunde mbili kwenye programu inayongoja hifadhidata sekunde nzima? Mimi sina ugomvi na mikono ya mtu, ila ahesabu mizunguko kwanza.

Na ukipunguza, usipitilize. Nilijaribu 3,600 kwenye bobini ya mazoezi na hapo nguvu ilianza kukosekana kweli. Noti za juu zikawa kama kugonga glasi. Kwa solo ya benga, waya namba 42, mimi nakaa kati ya 4,200 na 4,600. Kwa mtu wa roki anayetaka amplifaya ipasuke, endelea na 5,000, na hata zaidi ukipenda. Hiyo ni kazi nyingine na blanketi hapo linafaa.

Nilimrudishia mjomba gitaa mwezi wa nne. Alilichomeka, akapiga mstari mmoja, akasimama, akakaza uzi wa kwanza kidogo ingawa ulikuwa sawa. Akapiga tena. Akaniuliza, "Umeongeza nini?" Nikamwambia sijaongeza, nimepunguza. Alinitazama kama mtu anayefichwa siri ya biashara, akaendelea kupiga.

Nasikia sasa anawaambia wenzake kwamba mpwa wake wa kompyuta ameweka moto kwenye gitaa lake. Wiki jana mpiga solo wa bendi nyingine ya huko amenitumia gitaa lake kwa basi, likiwa limefungwa kwenye gunia, na ujumbe kwamba nimwekee kilo-omu nyingi kama za huyo mzee. Nimeshapima: anazo 13. Nitamwekea 4,400 kila koili, kihesabio kikiwa kimerekebishwa, na akiniuliza nimeweka ngapi nitamwambia aulize mjomba.